GAMBA KAVU NDANI YA MCHUZI: KEMIA YA KUKU WA JENERALI TSO

Katika mikahawa ya Kichina iliyotapakaa mijini Marekani kuna chakula kimoja ambacho wateja hukiagiza kwa wingi ili wakakile majumbani mwao. Ni vipande vya kuku visivyo na mifupa, vilivyokaangwa katika mafuta mengi, kisha vikavingirishwa katika mchuzi mzito wenye utamu, uchachu na ukali wa pilipili. Huitwa kuku wa Jenerali Tso. Mpishi wa nyumbani ajaribuye kukiiga mara nyingi hupata ladha nzuri, lakini gamba la kuku huwa limelowa na kulegea kabla sahani haijafika mezani. Hapo ndipo penye fumbo: gamba lililo kavu kama biskuti linawezaje kukaa ndani ya mchuzi na lisilowe upesi?

Jenerali mwenyewe hahusiki na upishi huu. Zuo Zongtang (1812–1885) alikuwa kiongozi wa kijeshi wa enzi ya Qing, mzaliwa wa jimbo la Hunan, naye alifariki miaka mingi kabla chakula hiki hakijabuniwa. Aliyekibuni ni Peng Chang-kuei, mpishi wa Hunan aliyehamia Taiwan mwaka 1949. Alikipika huko katika miaka ya 1950, bila sukari. Alipokwenda kufungua mkahawa New York katika miaka ya 1970, alikuta wapishi wengine wa mji huo wamekwisha kukiiga na kukitia utamu. Wako wanaoucheka utamu huo kuwa ni upotofu wa mapishi. Lakini sukari hiyo, kama itakavyoonekana, ina kazi nyingine mbali na kupendeza ulimi.

Wanga na maji

Gamba hutengenezwa kwa wanga safi wa mahindi, siyo unga wa sembe wala wa ngano. Unga wa ngano una protini ambazo zikikutana na maji hufanya gluteni, yaani utando unaovutika kama mpira. Gamba lake huwa zito na huelekea kuwa gumu kutafuna. Wanga hauna kitu hicho. Ni punje ndogo sana zilizojaa molekuli ndefu za aina mbili, amilosi na amilopektini, ambazo zote ni minyororo ya glukosi. Katika maji baridi punje hizo hutulia chini ya chombo. Joto likipita kiasi cha nyuzi 65 za Sentigredi, hunyonya maji, huvimba na kugeuka uji mzito. Ndiyo kanji ile ile iliyotumika tangu zamani kuipa nguo ugumu kabla ya kupigwa pasi: inapokauka, molekuli hushikamana na kufanya ganda gumu.

Katika karai mambo hayo mawili hutokea kwa dakika chache. Vipande vya kuku vilivyolowekwa katika mchuzi wa soya na ute wa yai huvingirishwa katika wanga na kutumbukizwa katika mafuta yenye nyuzi 165 hivi. Kwanza wanga huvimba kwa unyevu uliopo. Kisha maji yake huchemka na kutoka yakiwa mvuke, yakiacha vitundu vingi. Kinachobaki ni ganda jepesi lenye matundu, ambalo huvunjika kwa mlio linapotafunwa.

Hapa inafaa kusahihisha imani ya zamani. Mwanakemia Justus von Liebig alifundisha mwaka 1847 kwamba nyama ikipata joto kali mwanzoni, uso wake huziba na maji hubaki ndani. Imani hiyo ingali ikirudiwa jikoni hadi leo. Lakini povu na mlio wa karai ni mvuke unaotoka katika nyama. Kama uso ungekuwa umeziba, karai lingekuwa kimya. Mizani ya maabara ya shule inatosha kulithibitisha jambo hili: pima kipande kabla na baada ya kukaangwa, nawe utaona uzito umepungua, ijapokuwa kimefyonza mafuta kidogo.

Kwa nini jiko la nyumbani hushindwa

Lita moja ya mafuta ina uzito wa kilogramu 0.92 hivi, na kila kilogramu huhitaji kilojuli 2 hivi ili joto lake lipande kwa nyuzi moja. Basi mafuta hayo yakishuka kutoka nyuzi 180 hadi 135, yaani nyuzi 45, yatakuwa yametoa kilojuli 83 tu. Kwa upande mwingine, kila gramu ya maji inayogeuka mvuke hula kilojuli 2.26. Gawanya, na jibu ni gramu 37: maji yasiyojaza hata kikombe kidogo cha kahawa! Nusu kilo ya kuku mbichi ina maji karibu mara kumi ya kiasi hicho. Mpishi akitumbukiza vipande vyote kwa pamoja, joto la mafuta huporomoka, jiko dogo hushindwa kulirudisha, na gamba huchemka badala ya kukauka. Jiko la mkahawa lina moto mkubwa mno. La nyumbani halina. Dawa ni kukaanga vipande sita au saba kwa mkupuo mmoja, na kungoja mafuta yapate joto upya.

Dawa ya pili ni kukaanga mara mbili. Baada ya dakika nne za kwanza vipande hutolewa na kupumzishwa juu ya chekeche. Wakati huo unyevu wa ndani ya nyama husogea hadi kwenye gamba na kulilainisha. Kisha mafuta hupandishwa hadi nyuzi 190, na vipande hurudishwa kwa muda wa dakika moja tu. Unyevu uliosogea hufukuzwa, lakini nyama ya ndani haipati muda wa kukakamaa. Paja hufaa kuliko kidari, kwa kuwa lina mafuta zaidi na huvumilia joto.

Mchuzi hupikwa peke yake: kikombe nusu cha maji, vijiko vitatu vikubwa vya mchuzi wa soya na vitatu vya sukari, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili kavu, pamoja na wanga kidogo uliokorogwa kwa maji baridi. Sukari huyashika maji, na wanga huyafanya yasitembee kwa urahisi. Ndiyo maana mchuzi mzito huchelewa kupenya gambani. Siki, vijiko viwili, huongezwa mwishoni, kwani asidi ikichemka kwa muda mrefu hukata minyororo ya wanga na mchuzi huwa mwepesi. Kuku huingizwa moto ukiwa umezimwa, hugeuzwa mara chache, na huliwa papo hapo.

Hadhari

Mafuta yasizidi theluthi moja ya kina cha karai. Yakishika moto, zima jiko na ufunike kwa mfuniko wa chuma. Usimwage maji kamwe. Maji ni mazito kuliko mafuta, hivyo huzama, na huko chini hugeuka mvuke wenye ujazo wa takriban mara 1,700 ya maji yenyewe, ukarusha mafuta yanayowaka chumba kizima. Aidha, rangi ya kahawia si ushahidi kwamba kuku ameiva. Kipimajoto kikichomekwa katikati ya kipande kinene kisome walau nyuzi 74, joto linaloua vijidudu kama Salmonela.

Jaribio kwa darasa

Kasha la karatasi lililokunjwa ambalo Wamarekani hubebea chakula hiki lilipata hataza mwaka 1894 huko Chicago, na mwanzoni lilikuwa la kubebea chaza. Weka vipande vya kuku waliokaangwa, bila mchuzi, katika makasha mawili ya karatasi, moja limefungwa kabisa na jingine limetobolewa juu. Baada ya dakika 20 pima vipande vya kila kasha, kisha vivunje karibu na sikio. Wanafunzi waeleze ni kwa nini vile vilivyobaki vizito zaidi havitoi mlio.