Dawa ya Feza na Macho ya Mtoto

Mama, labda umesikia wazee wakisema kwamba mtoto akizaliwa atiwe dawa ya feza machoni. Desturi hiyo ilikuwako kweli. Mwaka 1880 munganga Credé wa Leipzig, Ujerumani, alianza kutia tone moja la nitrati ya feza, sehemu 2 katika 100. Mbele ya hapo, watoto 10 hivi katika 100 waliugua macho kwa ajili ya kisonono cha mama. Baadaye hata 1 hakutimia. Ilikuwa kazi kubwa.

Lakini feza haichagui. Inashika protini za mikrobe na kuziharibu. Nyama ya jicho nayo ina protini. Hata tone la kadiri liliweza kuwasha macho, yakavimba siku moja au mbili. Na chupa ikiachwa wazi, maji yanakauka, dawa inazidi ukali, inachoma kioo cha jicho, kovu linabaki. Hivi mtoto aliweza kupofuka kwa dawa yenyewe!

Siku hizi tunapaka pomada ya tetrasiklini ya 1%, mbele ya saa moja kupita. Ukikuta chupa ya zamani nyumbani, usiitumie. Uipeleke kwa muuguzi.