Mgonjwa wa kupooza akirudi nyumbani: maswali ya familia za Fizi na Baraka

Tungojee nguvu zirudi kwanza?

Msingojee. Kiharusi huumiza ubongo. Mkono hulegea kwa kukosa amri. Ubongo hujifunza upya kwa kurudia kazi ileile kila siku, na miezi ya kwanza ndiyo yenye faida kubwa. Ila msimkokote siku ileile aliyopata kiharusi: utafiti uitwao AVERT, uliochapishwa 2015, ulionyesha kwamba kumsimamisha mgonjwa mara nyingi mno tangu saa 24 za kwanza kunampunguzia nafasi ya kupona vizuri. Siku hizo ni za hospitali.

Hatuna mashine. Tufanye nini?

Kiti kinatosha. Kiegemezeni ukutani, nyayo zote mbili zikanyage chini. Mgonjwa ainame mpaka pua ipite magoti, kisha ainuke, akae polepole, arudie. Msaidizi asimame upande uliolegea, amshike kiunoni. Kamwe usimvute kwa mkono uliopooza: bega hutoka mahali pake, na maumivu hayo humfanya achukie mazoezi yote. Baadaye mpeni kazi ya kweli: achambue ndagala kwenye ungo, akunje kitenge. Asiyeweza kujigeuza kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili, asipate vidonda.

Na kukanda kwa mafuta?

Humfariji, lakini hakumfundishi kutembea. Maji ya moto ni hatari, kwani ngozi isiyohisi huungua bila yeye kujua.

Kine (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) yuko mbali. Jamaa peke yao watatosha?

Nina wasiwasi. Huko India, katika utafiti wa wagonjwa 1,250 uliochapishwa 2017, waliofanyishwa mazoezi na jamaa waliofundishwa hawakuwapita waliopata huduma ya kawaida. Kwa hiyo kabla ya kutoka hospitali, fanya zoezi mbele ya kine akusahihishe, umrekodi kwa simu, na uulize siku ya kurudi ili abadilishe mazoezi. Bukavu kuna kituo cha Heri Kwetu cha watu wenye ulemavu, ingawa safari ni ndefu.

Miguu yote miwili imekakamaa ghafla, hana kiharusi?

Huenda ni konzo, inayotokana na muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha. Wataalamu waliiripoti Kivu Kusini mwaka 2011. Haiponi, lakini kunyoosha visigino kila siku na kutumia fimbo humsaidia kutembea. Muhogo wa nyumba hiyo ulowekwe siku tatu kamili, hata njaa ikibana.