Pishi Mbili

Watu wengi huujua unafiki kwa upande mmoja tu, yaani mtu kuonyesha imani mbele za watu na kuficha ukafiri moyoni. Huo ndio mkubwa wake. Lakini wanavyuoni wametaja na unafiki wa vitendo, nao ni kuahidi na kutotimiza, kuaminiwa na kukhini. Na huu humpata hata mwenye kusali safu ya mbele. Katika somo letu hili twataka kuutazama huo wa pili katika mali ya umma.

Wasomaji wetu wa Pwani huenda hawaijui Kisumu Ndogo. Ni kitongoji cha Kibera, Nairobi, si mbali na Makina walikokaa ndugu zetu Wanubi tangu zama za Waingereza, ambao hati ya eka 288 za ardhi yao waliipata mwaka 2017, baada ya miaka zaidi ya 100 ya kungoja. Wengi wa watu wa hapo hununua maji kwa mtungi, na ukipiga hisabu utaona kuwa lita moja yawagharimu kuliko imgharimuvyo mwenye bustani na bomba.

Husemwa kwamba maskini halipi kodi. Si kweli. Hakatwi mshahara kwa kuwa hana mshahara, lakini kodi imo ndani ya bei. Septemba 2018 serikali ilitia tozo ya shilingi 18 katika kila lita ya mafuta ya taa, kwa hoja ya kuwazuia wafanya biashara wasiyachanganye na dizeli. Basi mwenye kuchanganya ni mwengine, na mwenye kulipa ni mama mwenye jiko la utambi! Julai 2023 kodi ya thamani juu ya mafuta ikatolewa asilimia 8 ikafikishwa 16.

Huyo ndiye mtoaji. Na mtumiaji je? Septemba 2022 Rais William Ruto aliliambia Bunge kwamba matumizi ya serikali yatapunguzwa kwa shilingi bilioni 300. Machi 2023 wakateuliwa wasaidizi 50 wa mawaziri, hata Mahakama Kuu ikaubatilisha uteuzi huo Julai. Mei 2024 akenda Marekani kwa ndege ya kukodi. Watu walipolalamika, alijibu kuwa gharama haikufika shilingi milioni 10. Na siku hizo hizo Mswada wa Fedha ulikuwa ukitaka mkate utozwe kodi ya asilimia 16. Yaliyofuata yajulikana: tarehe 25 Juni vijana waliingia Bungeni, na roho zikapotea; kesho yake Rais akakataa kuutia sahihi mswada. Tarehe 5 Julai akatangaza kuvunja mashirika 47 ya serikali, kupunguza washauri kwa nusu, na kuondoa fungu la ofisi ya mke wa Rais.

Twauliza: lau mambo haya hayakuwa ya lazima mwezi wa Julai, yalikuwaje ya lazima mwezi wa Mei?

Wala tusitazame upande mmoja. Mwaka 2023 upinzani uliwaita watu waandamane juu ya ughali wa maisha, na Kibera iliitika kuliko mahali pengi. Agosti 2024 wakubwa kadhaa wa upinzani ule ule waliapishwa mawaziri, na John Mbadi, aliyekuwa mwenyekiti wa ODM, akapewa Hazina. Kuingia serikalini si dhambi. Lakini Desemba ile ile ilipita sheria iliyorudisha baadhi ya kodi za mswada uliokataliwa, na ndimi zilizokuwa kali mwaka uliotangulia hatukuzisikia.

Sura ya Mutaffifin yatosha kuyaeleza haya. Mpunjaji aliyetajwa humo si asiyejua kupima. Apima sawa sawa anapopokea, na pishi ya pili huitoa zamu ya kutoa inapofika. Na pishi hiyo, wallahi, haiko Nairobi peke yake. Misikiti yetu ina wakfu, na kamati zake tunazijua.

Katika somo lijalo, inshallah, tutasoma khabari ya yule mkusanya zaka aliyerudi kwa Mtume (s.a.w.) na mafungu mawili, moja la umma na moja akidai kuwa ni zawadi yake.