Somo la viumbe: Mwizi ndani ya kiziwa

Mtu amechimba kiziwa nyuma ya nyumba, ametia vifaranga 100 vya tilapia. Kila juma vinapungua. Jirani anashtakiwa wizi. Ngoja kwanza! Pengine mwizi iko ndani ya maji.

Kereng'ende anataga mayai majini. Mtoto wake hana mabawa: anajificha katika matope na majani, na mdomo wake wa chini umekunjwa kama mkono. Samaki mdogo akipita, mkono ule unaruka mbele na kumkamata.

Tufanye nini?

1. Toa maji yote. Samaki waliobaki, waweke pembeni katika pipa.
2. Nyunyiza chokaa juu ya matope yenye unyevu. Sisi wa Likasi tuko na mawe ya chokaa karibu, pale Kakontwe. Lakini linda macho na mikono.
3. Acha majuma mawili, udongo ukauke mpaka upasuke.
4. Kata majani ya ukingoni.
5. Jaza maji kupitia wavu mwembamba, tia samaki upesi, kereng'ende wasitangulie.

Dawa ya wadudu usitie hata kidogo: inaua samaki vilevile.

Basi, kabla ya kumshtaki jirani, pitisha wavu katika matope, uangalie.