Dondoo muhimu: Uko kidato cha nne Usenge, kando ya Ziwa Victoria, na hujui usomee nini?

• Anza ufuoni. Muulize fundi wa injini za boti, mfugaji wa samaki vizimbani na afisa wa uvuvi: walisomea wapi, na siku yao ya kazi ikoje?

• Soma mapema masharti ya KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi vyuoni. Shahada huanzia wastani wa C+, lakini pia angalia alama za masomo manne ya kozi unayoitaka.

• Tembelea kabla ya kuchagua. Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kiko Bondo. Kisumu kuna Politekniki ya Kitaifa.

• Usidharau stashahada. Ukifaulu vizuri, unaweza kuendelea hadi shahada.

• Piga hesabu na wazazi: karo, chakula, kodi ya chumba, mkopo wa elimu ya juu wa HELB.