Umeombwa Kushiriki Utafiti wa Familia? Soma Hapa Kabla ya Kusaini

Leo naongea hasa na ninyi mlioko Louisville, Columbus na Buffalo. Miji hii mitatu imepokea ndugu zetu wengi kutoka Kongo, Somalia na Burundi, na ina vyuo vikuu vyenye watafiti: University of Louisville, Ohio State University na University at Buffalo. Kwa hiyo usishangae ukikuta tangazo kliniki: "Tunatafuta familia za kushiriki utafiti kuhusu malezi na msongo wa mawazo. Utapewa kadi ya zawadi."

Wengine wetu hukimbia. Wengine husaini haraka kwa sababu "daktari amesema". Yote mawili yana hasara.

Mimi mwenyewe nina deni hapa. Nilipokuwa muuguzi kijana huko nyumbani, nilipewa rundo la fomu za utafiti niwasainishe akina mama wodini. Niliwaambia, "Mama, weka dole gumba hapa," basi. Hawakuuliza, nami sikueleza. Niliposomea tena uuguzi huku ughaibuni ndipo nilipojua nilichowanyima: nafasi ya kukataa.

HOFU YETU INA SABABU

Huko Tuskegee, Alabama, kuanzia 1932 hadi 1972, wanaume weusi wapatao 600 walifuatiliwa na serikali ya Marekani. Kati yao 399 walikuwa na kaswende, na hawakupewa penisilini hata ilipopatikana. Aibu hiyo ilizaa sheria ya utafiti ya 1974. Leo utafiti wa vyuo hivi unaohusisha watu hupitiwa na kamati ya maadili, kwa kifupi IRB.

FAIDA NAYO IPO

Mjini Eldoret, Kenya, watafiti wa Duke University na Moi University walitengeneza tiba ya familia iitwayo Tuko Pamoja. Watu wa kawaida wa mtaani, si madaktari, walifundishwa kuzisaidia familia zenye ugomvi. Ilianza kwa familia chache zilizokubali kujaribu. Tusiposhiriki, tutaendelea kupewa ushauri uliopimwa kwa familia zisizofanana na zetu.

MAMBO YA KUZINGATIA

1. Utafiti si matibabu. Mara nyingi familia hugawanywa kwa kura: kundi moja linaanza vikao sasa, jingine linasubiri. Mwanao akisema anataka kufa, usingoje kura. Piga 988 saa yoyote, au 911 kama hatari iko mlangoni.

2. Fomu ya ridhaa si mkataba. Unaweza kuruka swali au kujitoa siku yoyote. Hupotezi matibabu wala haki uliyokuwa nayo.

3. Usiri una mpaka. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Tafiti zinazofadhiliwa na taasisi za taifa za afya, NIH, zina cheti cha usiri tangu 2017, kinachomzuia mtafiti kutoa jina lako mahakamani bila idhini yako. Lakini sheria za kuripoti mtoto anayeteswa zinabaki palepale. Kentucky humtaka mtu yeyote atoe taarifa. Ohio na New York huwataka wataalamu kama wauguzi, walimu na wanasaikolojia. Kwa hiyo kabla ya kikao cha kwanza uliza: "Nikieleza ninavyomwadhibu mtoto, ni jambo gani mtalazimika kuripoti?" Sisemi ufiche mtoto anayeumia. Nasema ujue kabla, usije kushtuka baadaye.

4. Lugha. Una haki ya kuelezwa kwa lugha unayoielewa. Omba fomu ya Kiswahili na mkalimani. Tafadhali, mtoto wako asiwe mkalimani wa mambo ya ndoa yenu. Na kama mkalimani ni jirani yako, una ruhusa ya kuomba mwingine.

5. Kila mtu ana sauti yake. Baba hawezi kusaini kwa niaba ya mama. Mtoto mwenye umri wa kuelewa naye huulizwa, hata kama mzazi ameshakubali.

6. Pesa. Kadi ya zawadi ni shukrani kwa muda wako. Anayekutoza ada ya kujiunga, mkatalie. Kama unapata msaada wa chakula, muulize anayeshughulikia faili lako kama malipo hayo yatahesabiwa.

ZOEZI

Chukua fomu, nenda nayo nyumbani. Kama umetoka zamu ya usiku, lala kwanza. Kisha ifunike, ujibu kwa sauti:
- Wanataka kujua nini kwetu?
- Nani ataona majibu yetu, na nini kitaripotiwa?
- Nikitaka kuacha, nampigia nani?

Ukishindwa hata swali moja, usisaini bado. Kwenye fomu kuna simu ya ofisi ya IRB, piga uulize. Huo si utovu wa adabu. Laiti wale akina mama wa wodini kwangu wangeniuliza.