Habari za Hewa na Siku ya Kupanda

Mkulima wa Sirari, kila mwaka wakutwa na shauri moja gumu: upande leo, au usubiri? Mvua ya kwanza inyeshapo, wengine hutoka mara moja na majembe yao. Mbegu huota vizuri. Kisha jua huwaka siku kumi na mbili mfululizo, na miche yote hunyauka. Aliyetia mbegu yake yote ardhini hana budi kununua nyingine au kukopa. Somo hili lataka kukuonyesha jinsi ya kupunguza hasara hiyo.

Rubani haruki bila habari

Kabla ya kuruka, rubani wa ndege hupata habari za upepo, mawingu, mvua na umbali atakaoweza kuona kule aendako. Hatari yake si ndogo. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Victoria karibu na kiwanja cha Bukoba, wakati wa hali mbaya ya hewa. Walikuwamo watu 43, na 19 walikufa.

Ziwa hilo hilo huleta mvua kwako. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupanda, na hewa yenye unyevu hutoka ziwani kushika mahali pake. Ikifika kwenye miinuko ya Tarime hupanda, hupoa, na kuwa mawingu ya mvua ya alasiri. Kwa hiyo apimaye upepo na mawingu kwa ajili ya rubani, amsaidia mkulima pia.

Kazi hiyo hufanywa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Zamani nchi za Afrika Mashariki zilikuwa na idara moja ya hewa, mpaka Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Sasa kila nchi ina yake, na wewe wa mpakani waweza kusikia katika redio habari za Kenya na za Tanzania. Sikiliza vizuri zile zitajazo Mkoa wa Mara.

Habari za aina tatu

1. Habari ya msimu. Hutolewa kabla ya vuli na kabla ya masika. Husema kama mvua yatazamiwa kuwa ya wastani, juu ya wastani, au chini yake. Wataalamu hutazama joto la bahari. Maji ya Pasifiki yakipata joto kupita kawaida, hali iitwayo El Niño, mara nyingi vuli yetu huwa kubwa, kama mwaka 1997 na 2023. Mvua ikitazamiwa kuwa chache, ongeza muhogo, mtama, ulezi, au mahindi yakomaayo upesi. Ikitazamiwa kuwa nyingi, safisha mifereji na uimarishe matuta ya kuzuia maji.

2. Habari ya siku kumi. Hii hukusaidia kuchagua siku ya kupanda na ya kupalilia.

3. Tahadhari ya mvua kubwa au upepo mkali. Ukiisikia, usianike mahindi, wala usitie mbolea ya kukuzia, kwani maji yataichukua. Usivuke mto uliofurika.

Habari ya hewa si ahadi. Ikisema mvua itakuwa chache, maana yake ni kwamba hilo laelekea zaidi kutokea, halina lazima. Tena, mvua yaweza kunyesha Sirari, na Nyamongo kukawa kukavu siku ile ile. Kwa sababu hiyo upime mwenyewe.

Jinsi ya kupima

Chukua kopo lenye pande zilizonyooka. Liweke mahali pa wazi, mbali na miti na paa. Kila siku saa 3 asubuhi pima kina cha maji kwa rula, andika katika daftari, kisha umwage. Milimita moja ya mvua katika eka moja ni karibu lita 4,000 za maji.

Panda yakitimia mambo haya matatu:

(a) Kopo limepata milimita 20 au zaidi katika siku mbili au tatu.
(b) Ukichimba, udongo umelowa kufikia kina cha kiganja chako.
(c) Habari ya siku kumi yasema mvua itaendelea.

Yakitimia, usikawie, kwani kila siku upotezayo hupunguza mavuno. Yasipotimia, subiri, au panda sehemu ndogo tu na kuweka akiba ya mbegu.

Dalili za wazee usizidharau. Ziandike kando ya vipimo vyako, na baada ya miaka michache utajua ipi ni ya kutegemewa. Daftari hilo mwonyeshe Bwana Shamba au Bibi Shamba afikapo.

Rubani akiambiwa kiwanja kimefunikwa na mawingu, hungoja au hugeuka. Nawe kungoja siku tano baada ya mvua ya kwanza si uvivu. Ni kulinda mbegu yako.